Malkia Aliyeachwa Aliwe

Kazini walimwita Juuchini, na si kwa sababu ya lifti peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa lifti tangu ujana, na siku zake nyingi zilikuwa zimepita akipanda na kushuka ndani ya majengo ya watu wengine. Lakini waliomjua vizuri walisema hata angekuwa mshona viatu wangemwita vivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kukalia kiti mpaka kikapata joto. Akila, mguu mmoja uko nje ya meza, kama anayesubiri kuitwa. Akizungumza na simu, anaizunguka sebule nzima, anafungua dirisha, analifunga, anahamisha kikombe kisicho na kosa. Mkewe alikuwa mkunga, na wanaume wanaotembea ovyo kwenye korido za wodi ya wazazi alikuwa amewazoea, ila huyu wa nyumbani alimshinda. "Baba watoto, keti," alikuwa akimwambia. "Hakuna anayezaa hapa."

Kitu kimoja tu kilimkalisha: sataranji. Mbele ya ule ubao wa miraba myeusi na myeupe, Juuchini aliota mizizi. Alijifunza mchezo huo akiwa kijana, kwenye klabu ya wafanyakazi, chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya ghala la vipuri, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu pale wa kumtikisa. Wachezaji wenyewe walikuwa watano, wale wale, kila mmoja anajua mwenzake ataanza na kete gani na atakohoa lini. Lakini bingwa ni bingwa, na yeye cheo hicho alikibeba kwa fahari, kama wengine wanavyobeba saa ya dhahabu.

Tena alikuwa na imani yake. Aliamini kwamba mtu ukicheza naye sataranji, umeshamjua. Mchoyo ataonekana, mwoga ataonekana, mwenye pupa ataonekana. Mwenzake wa kazi, bwana mmoja mnene aliyepewa jina la Kimya kwa kuwa mdomo wake haukufungwa tangu asubuhi hadi jioni, alikuwa akimtania: "Basi hospitali wafunge maabara, watuwekee ubao tu."

Kwa hiyo kitindamimba wake, binti aliyefundisha watoto wa chekechea, aliposema kwamba kuna kijana anataka kuja nyumbani na mama yake, wazo la kwanza la Juuchini lilikuwa ule ubao.

Kijana mwenyewe alifanya kazi kwenye duka la miwani, akisaga lenzi. Baba yake alikuwa amefariki zamani, na mama yake alikuwa na duka la vioo: alikata vioo vya madirisha, akatengeneza fremu za picha na vioo vya kujitazamia. Wateja walimwita Mama Vioo. Hayo yote Juuchini alielezwa na binti yake mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akifikiria apange kete nyeupe upande gani.

Siku ya wageni, mkunga na binti yake walishinda jikoni. Juuchini aliachiwa kazi ya kupanga viti. Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena. Kisha akaileta meza ndogo karibu na dirisha, akaweka ubao juu yake, kete zote zimesimama mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama inaonekana ni bahati mbaya tu.

"Baba," binti yake alisema akiwa mlangoni na trei mkononi, "huo ubao wa nini?"

"Upi?"

"Baba!"

"Ah, huu? Si unakaaga hapo?"

Haukuwa unakaa hapo. Ulikuwa unakaa juu ya kabati, ndani ya mfuko.

Wageni waliingia wakihema, maana nyumba ilikuwa ghorofa ya nne na jengo halikuwa na lifti, jambo ambalo Kimya alilisimulia kwa kila mtu mpya aliyeajiriwa. Kijana wa miwani alikuwa mrefu, mpole, na alisalimia kwa adabu mpaka mkunga akatabasamu waziwazi. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo meupe, kama mtu aliyenyunyiziwa chokaa. Alichechemea kidogo mguu wa kushoto. Aliketi, akaitazama sebule, akautazama ubao.

Chai ikanywewa. Habari za afya zikaisha, za hali ya hewa zikaisha, sifa za binti na za kijana zikatajwa na kukanushwa kwa heshima. Juuchini alikuwa anangoja tu upenyo. Alipoupata, alijikohoza.

"Kijana wangu, sataranji unaifahamu?"

"Hapana, baba," kijana akajibu. "Najua tu kwamba farasi anakwenda kombo." Wote wakacheka. "Ila mama anacheza."

"Kidogo," Mama Vioo akasema.

"Kidogo kidogo ndiyo mchezo wenyewe," Juuchini akasema kwa furaha ya mtu aliyekosa samaki akapata dagaa. "Basi mkwe, karibu huku dirishani. Wacha vijana wazungumze."

Mkunga alimtupia jicho. Juuchini hakuliona, au alijifanya.

Walicheza. Alimpa kete nyeupe, kwa ukarimu, aanze yeye. Tangu mwanzo alicheza huku akimfundisha. "Hapo mkwe angalia askari wako." "Huyo askofu ukimfungia kona hiyo hatakusaidia." Mama Vioo aliitikia "ahaa" na "asante," akacheza taratibu, akizishika kete kwa ncha za vidole vyake kama vitu vyenye makali. Muda si mrefu Juuchini alikuwa amekula farasi wake mmoja na askari wawili. Alianza kugeuka kuwasikiliza wa upande wa pili. Aliuliza kama bado kuna maandazi. Alikuwa akijihisi mtu mwema.

Ndipo Mama Vioo alipomchukua malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akamsogeza mpaka mbele kabisa, kwenye safu za adui. Akamweka kombo mbele ya askari wa Juuchini, mahali ambapo hata mtoto aliyejifunza mchezo jana angemla.

Juuchini aliutazama ubao. Akamtazama mkwe. Huruma ilimjaa, na ndani ya ile huruma kulikuwa na kautamu fulani.

"Mkwe," alisema, na sauti aliipandisha kidogo ili mkewe asikie, "umeona ulichofanya? Malkia huyo ataliwa. Mrudishe tu. Sisi ni ndugu sasa, hatubanani."

Kijana wa miwani aliinamisha kichwa. Mama Vioo alikuwa bado amemshika malkia kwa vidole viwili. Alibaki hivyo kidogo, halafu akamwachia.

"Nimeshamweka," alisema.

"Haya. Usije ukasema sikukwambia."

Akamla. Akamweka pembeni, kwa upole, pamoja na yule farasi na wale askari. Mama Vioo akaitelezesha ngome yake kutoka upande ule wa ubao mpaka huu, mstari mmoja ulionyooka kuelekea kwa mfalme. "Shaha," alisema, neno la kumwonya mwenzako kwamba mfalme wake anawindwa. Juuchini akacheka kidogo, akamsogeza mfalme kwenye kona. Mama Vioo akamnyanyua yule askofu wake, yule aliyesemwa kwamba hatasaidia, akampitisha kutoka kona ya mbali na kumla askari aliyetoka kumla malkia. Akauondoa mkono wake.

Juuchini aliinama. Alimtafutia mfalme njia kushoto, ngome. Njia ya kombo, ngome na askofu. Nyuma hakuna, ni ukuta. Mbele amesimama askari wake mwenyewe, hajasogea tangu mchezo uanze. Alitafuta kitu cha kuweka katikati. Alitafuta tena. Alisikia kijiko kikigonga kikombe mahali fulani, na binti yake akicheka: kacheko kafupi, alikazuia mara moja kwa mkono.

"Amekufa?" kijana wa miwani aliuliza. Aliuliza tu, hakuwa na nia mbaya.

"Amekufa," alijibu Mama Vioo. "Samahani, mkwe."

Juuchini alifanya yote yanayopasa. Alimpa mkono, akasema "hongera, hongera sana," akawasindikiza wageni mpaka chini, ngazi zote, akawapungia mkono. Kisha akapanda mbio kama mtu aliyeacha jiko linawaka, akazirudisha kete kama zilivyokuwa kabla ya malkia kuwekwa, akaketi.

Alipomaliza kuutazama ubao, chai yake ilikuwa imeganda utando juu. Alikuwa ameona. Lau asingemla yule malkia, lau angemrudisha farasi wake nyuma hatua moja tu, mlango wote ungefungwa na malkia angekuwa amenaswa. Mchezo ulikuwa wake. Hakuna aliyemlazimisha kula. Alikula kwa sababu kimewekwa.

Kuanzia hapo hakutulia. Na kwa mtu ambaye hata siku nzuri hatulii, mtaelewa ilikuwaje. Alfajiri mkewe aliamka akakuta kitanda upande wa pili kiko wazi, na mume amesimama dirishani na kete mkononi. Alinyoa ndevu shavu moja, akatoka kwenda kuangalia ubao, akasahau lile la pili. Njiani kwenda kazini alitembea juu ya vigae vya barabara akiruka kimoja kimoja kama farasi wa sataranji, mpaka mwanamke mmoja akampisha akidhani ana maradhi. Swali lake lilikuwa lile lile: yule mama aliona, au alibahatisha? Kama aliona, aliona lini? Kama alibahatisha, basi yeye Juuchini, bingwa, amefungwa na bahati. Kila jibu lilimuuma upande tofauti.

Kazini walikuwa na jengo la ofisi ambalo lifti yake ilikuwa inasimama kabla ya kufika usawa wa sakafu, watu wanajikwaa. Juuchini na Kimya walipanda juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lake, kukagua nyaya. Kazi hiyo ina taratibu zake, na ya kwanza kabisa ni kubonyeza kile kitufe chekundu kinachoizuia lifti isiitwe na mtu wa nje. Juuchini alikuwa amefanya hivyo miaka yote bila kufikiri. Siku hiyo alifikiri juu ya askofu. Ghafla paa likaanza kupanda chini ya miguu yao.

Kimya ndiye aliyejitupa na kukigonga kitufe kwa kiganja. Lifti ikasimama kwa mshtuko, nyaya zikatikisika huko juu gizani. Hawakuwa wamefika popote pa hatari, lakini spana moja ilidondoka, wakaisikia ikigonga kuta hadi chini, ikigonga, ikigonga, mpaka ikanyamaza.

Kimya naye alinyamaza, na hilo ndilo lililomtisha Juuchini kuliko spana. Walipotoka nje, Kimya aliketi kwenye ngazi, akajifuta shingo.

"Mimi nina watoto," alisema mwishowe.

"Najua, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nenda nyumbani. Nitasema unaumwa. Tena sitakuwa nimedanganya."

Nyumbani hakukuta pa kupumzikia. Mkewe alisikiliza habari yote akiwa anavua viatu vya kazini, akaiacha soksi nusu.

"Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya kipande cha mti?"

"Si kipande cha mti. Ni vile nilivyofanyiwa."

"Ulifanyiwa nini? Uliwekewa chakula ukala."

"Ndiyo hivyo! Nilitegwa. Na watu wanaoweza kukutega ndani ya nyumba yako, wanakunywa chai yako, wanakuitikia asante, asante..." Alikuwa amesimama sasa, anakwenda dirishani na kurudi. "Sikiliza, mimi sataranji naijua. Ubao hausemi uongo. Wale wana hila. Mtu wa namna hiyo atakupa tabasamu akupokonye nyumba. Mimi naona hili jambo la ndoa tulisogeze mbele kwanza."

Binti yake alikuwa mlangoni. Alikuwa ametoka shuleni, bado ana rangi ya watoto kwenye mkono wa gauni. Aliweka mkoba chini.

"Baba, umesemaje?"

Juuchini alijua amekosea, lakini ulimi wake ulikuwa umeshapata mteremko. "Nimesema tungoje. Tuwafahamu."

"Tuwafahamu kwa nini? Kwa kuwa umefungwa?"

"Usinisemeshe hivyo."

"Wewe ndiye uliyesema ubao unaonyesha tabia ya mtu," akasema mkunga, polepole, bila kupandisha sauti, kama anavyozungumza na mzazi aliyechoka. "Miaka yote nimekusikia. Haya, umeonyesha. Ila hukuonyesha ya yule mama."

Hakuna aliyecheka. Binti aliuchukua tena mkoba wake, akasema anakwenda kukaa kwa dada yake, na akashuka ngazi. Juuchini alisikia viatu vyake mpaka mlango wa chini ulipojifunga. Jioni ile alizitia kete ndani ya mfuko, akauweka juu ya kabati. Baada ya muda mfupi akaushusha. Akaupandisha. Mkewe alikuwa anakunja nguo na hakumwangalia hata mara moja.

Siku zilizofuata simu ya binti iliita bila kupokelewa. Akipigiwa na mama yake, anapokea; baba akichukua simu, inakatika. Mkunga alikataa kuwa mjumbe. "Mimi nimeshazalisha wangapi leo," alisema. "Hili lizae mwenyewe."

Ikatokea kwamba katika lile jengo la ofisi, kioo cha kujitazamia kilichokuwa ndani ya lifti kilipasuka. Mtu alikuwa amepitisha kabati. Kampuni ilikuwa na mahali pake pa kuagizia vioo, lakini Juuchini aliichukua tepu, akapima, akamwambia Kimya, "Hiki nitakishughulikia mimi."

Kimya alimtazama. "Unakwenda kule?"

"Kioo ni kioo."

"Nenda," Kimya akasema. "Ila ukifika, usianze kufundisha watu."

Duka la Mama Vioo lilikuwa refu na jembamba, na lilikuwa na mwanga wa ajabu, kwa kuwa vioo vilisimamishwa pande zote mbili na kila kimoja kilimtupia mwenzake dirisha. Juuchini alijiona akiingia mara nyingi kwa wakati mmoja, akiwa ameshika kofia, na katika vioo vyote alionekana mdogo. Mwenye duka alikuwa ameinama juu ya meza pana iliyotandikwa blanketi, anakata. Alikuwa na kikatio chenye kigurudumu kidogo cha chuma. Alikivuta kwa mkono mmoja, mstari mmoja, bila kurudia, na kioo kikatoa mlio mwembamba unaokwaruza meno.

"Subiri hapo hapo, mkwe," alisema bila kuinua uso. "Usipumue."

Juuchini hakupumua. Mama Vioo aligonga chini ya mstari kwa kichwa cha kikatio, gonga, gonga, akashika kingo mbili na kuvunja. Kioo kikaachana vipande viwili vilivyonyooka.

"Sasa pumua. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema Juuchini, na papo hapo akaona kwamba uongo huo hautasimama. "Si nzuri. Binti ameondoka."

"Najua. Yuko kwa dada yake. Jana alikuja hapa akala na sisi."

Juuchini alikuwa na vipimo mfukoni. Akavitoa, akaeleza kuhusu lifti. Mama Vioo akasikiliza, akaandika kwa chaki ukingoni mwa meza, akasema kioo cha namna hiyo anacho, lakini ni kikubwa, watakikata pamoja. Akamkabidhi glovu. Wakakitoa ukutani, yeye upande huu, Juuchini upande ule, wakatembea kinyumenyume kati ya vioo vingine vyote. Kwa mara ya kwanza tangu ule mchezo, Juuchini alijikuta hatikisiki. Huwezi kutikisika ukiwa umeshika kioo kilichokuzidi urefu.

Walipokilaza mezani, swali lilimtoka.

"Mkwe, niambie kitu kimoja. Ulikuwa umeona? Yote, mpaka mwisho?"

Mama Vioo hakuuliza anazungumzia nini. Alivua glovu moja, akakaa kwenye stuli, akaunyoosha ule mguu wa kushoto.

"Niliona ngome," alisema. "Askofu nilimwona nusu. Yaani nilihisi yuko pale, kama unavyohisi mtu nyuma ya mlango. Nikamsogeza malkia, na nilipofika naye pale, moyo ukaanza kunienda mbio. Nikasema, we mwanamke, umechanganyikiwa, mbele ya wakwe. Nikataka kumrudisha. Ndiyo maana sikumwachia."

"Kumbe!"

"Wallahi. Mkono ulikuwa unarudi naye. Halafu wewe ukasema, mrudishe tu." Alikuna kovu kwenye kidole. "Ukasema kwa sauti, na watu wakasikia. Mwanangu akainamisha kichwa. Nikaona, kumbe mwanangu ataoa kwenye nyumba ambayo mama yake anasamehewa hata kabla hajakosea. Basi nikamwacha pale pale. Nikasema aliwe."

Juuchini alitafuta mahali pa kuangalia. Kila mahali palikuwa na kioo.

"Kwa hiyo ningenyamaza..."

"Ungenyamaza ningemrudisha, na ungenifunga vizuri tu."

Akacheka, yule mama. Hakukuwa na kejeli katika kicheko chake. Alicheka kama mtu anayekumbuka alivyoponea chupuchupu. Juuchini alijaribu kucheka naye, kikatoka kitu kama kikohozi.

"Mimi nami," alisema, "ule ubao... niliuweka makusudi. Nilitaka kumpima kijana."

"Mkwe, hilo tuliliona tangu mlangoni. Mwanangu alininong'oneza: mama, kuna mtego wa panya dirishani."

Hapo kilimtoka kicheko cha kweli, kikamshtua mwenyewe. Akauliza alijifunzia wapi. Mama Vioo akamwambia kwamba aliwahi kuvunjika nyonga, kioo cha duka kilimwangukia na ngazi yake, akalazwa muda mrefu katika wodi ya wanawake. Jirani yake wa kitanda alikuwa bibi mmoja muuza mitumba aliyekuwa na ubao wa karatasi na kete za vifuniko vya chupa. Walicheza wakiwa wamelala chali, kila mmoja na mguu wake umefungwa kwa kamba hewani, na muuguzi ndiye aliyesogeza kete wasipofikia. "Yule bibi alikuwa hana huruma," alisema. "Tena alikuwa anafurahi ukimfunga. Alikuwa anapiga makofi."

Wakakata kioo. Wakakifunga kwa blanketi. Juuchini alikuwa na haki ya kuondoka sasa, na hakuondoka. Alisogeza chombo cha gundi, akakirudisha.

"Ubao unao hapa?" aliuliza.

Alikuwa nao, chini ya meza. Wakacheza juu ya lile blanketi, kati ya vumbi la vioo, na kila mteja aliyeingia alihudumiwa halafu mchezo ukaendelea. Safari hii Juuchini hakufundisha mtu. Ila hofu ilikuwa imemwingia. Katikati ya mchezo Mama Vioo alimwacha askari wake mmoja peke yake, wazi kabisa, hana mlinzi. Juuchini alimtazama yule askari. Alitafuta ngome iliyojificha, akatafuta askofu. Aliinuka, akazunguka meza, akamtazama kutoka upande wa pili. Hakumla. Akamrudisha farasi nyuma, kwa usalama. Yule askari aliyeachwa akasonga mbele, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa ubao, akageuka malkia mpya, na mchezo ukaishia hapo.

"Yule askari," alisema Juuchini, "ulikuwa umepanga nini kama ningemla?"

Mama Vioo alimshangaa. "Sikupanga kitu. Nilimsahau. Yule aliyeleta fremu alinichanganya."

Juuchini alishika kichwa kwa mikono miwili, glovu zikiwa bado mfukoni, akasema, "Mama yangu mzazi!" Mama Vioo akacheka mpaka akashika nyonga.

Kutoka dukani hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa binti yake mkubwa, akabisha hodi, akakataa kiti, na akiwa amesimama pale pale mlangoni akamwambia kitindamimba wake kwamba amemkosea, kwamba alisema maneno ya kipuuzi kuhusu watu wa heshima, na kwamba sababu ilikuwa ni yeye mwenyewe kuona aibu. Hakutaja mchezo. Binti alimsikiliza amekunja mikono.

"Utamwambia na yeye?" aliuliza.

"Kijana? Nitamwambia. Nataka kumwambia leo."

"Leo yuko kazini, baba."

"Basi nitakwenda kazini kwake."

"Baba, keti kwanza. Kunywa maji."

Aliketi. Alikunywa nusu, akainuka, akakaa tena kwa kuwa binti yake alimshika mkono wa shati. Hakurudi nyumbani siku ile, binti yule, lakini alirudi wiki iliyofuata na mkoba wake, na ndoa ikafungwa tarehe ile ile iliyokuwa imepangwa. Kimya alitoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba.

Kuhusu Juuchini, siwezi kusema alipata utulivu. Klabuni alisimulia mwenyewe jinsi alivyofungwa, bila kutia chumvi, na wale wanne wengine wakamtazama kwa mashaka, kama watu walioambiwa kwamba ukuta wa chumba chao ni pazia. Kuanzia hapo alikuwa anakwenda zaidi kule dukani, siku za mapumziko, kucheza juu ya blanketi. Mara nyingi hufungwa, mara chache hufunga. Na akifungwa, hatembei tena usiku kucha. Anatembea mpaka mezani kwa chakula cha jioni tu, halafu anamwambia mkewe, akiwa amesimama na kijiko mkononi, kwamba safari ijayo ameshajua atafanya nini, na mkunga anajibu ndiyo, baba watoto, huku anamsogezea kiti.